Jiwe, Karatasi na Mkasi Mbele ya Mashine

Watu wengi wakiambiwa kwamba mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi umepata kuwa na mashindano ya dunia, pamoja na waamuzi wake na mabingwa wake, hucheka. Hawacheki kwa ubaya. Mchezo huu wanaujua kuwa ni wa watoto: wawili hukunja ngumi, huhesabu pamoja, kisha kila mmoja hutoa ishara yake kwa wakati mmoja na mwenziwe. Ngumi ni jiwe, kiganja kilichonyooshwa ni karatasi, vidole viwili vilivyoachana ni mkasi. Jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Hapana kinachoshinda vyote, wala hapana kinachoshindwa na vyote. Na kwa kuwa mambo ni hivyo, wengi huona kwamba hapana pia la kujifunza, na kwamba mtu anayejizoeza mchezo huu ni sawa na mtu anayejizoeza kurusha sarafu hewani.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Nataka kuonyesha uharaka wake kwa kufuata historia ya jambo moja lisiloangaliwa sana: jinsi mashine za kuchezea, tangu mitambo ya maabara ya miaka ya 1950 mpaka michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990, zilivyopata kuwa shule ya mchezo huu wa mikono, na somo lililofundishwa katika shule hiyo. Kwa kweli masomo yalikuwa mawili, nayo yalipingana. Wanaosifu michezo ya video na wanaoilaumu, wote wawili, huzungumza kana kwamba somo lilikuwa moja.

Mchezo wenyewe asili yake ni mashariki ya Asia. Mwandishi wa Kichina Xie Zhaozhe, aliyeishi zama za ufalme wa Ming, aliutaja mchezo wa ishara za mikono katika kitabu chake kiitwacho Wuzazu, mnamo mwaka 1600 hivi, akaunasibisha na zama za ufalme wa Han, zaidi ya miaka elfu kabla yake. Yafaa tuupokee ushahidi huo kwa hadhari, maana waandishi wa kale walipenda kukipa kila kitu nasaba ndefu. Lililo dhahiri ni kwamba michezo ya namna hii ilifika Japani ikastawi huko kwa sura nyingi. Sura mojawapo iliitwa mushi-ken: kidole gumba kilikuwa chura, kidole cha shahada nyoka, na kidole cha mwisho konokono asiye na kombe. Nyoka humla chura, chura humla konokono, na konokono, kwa imani ya watu wa zamani, humyeyusha nyoka kwa ute wake. Wajapani wana neno la hali hiyo, sansukumi, yaani watatu wanaoogopana, kila mmoja amezuiwa na mwenziwe asisogee. Sura ya jiwe, mkasi na karatasi, iitwayo janken, ndiyo iliyozishinda sura nyingine zote na kuvuka bahari katika karne ya 20. Msomaji alishike jina hilo, kwa sababu atakutana nalo tena mahali asipolitazamia.

Wanahisabati waliufikia mchezo huu kwa njia yao. Mwaka 1928 John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alithibitisha kanuni juu ya michezo ya watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine. Kanuni hiyo ikitumiwa hapa yasema hivi: mchezaji atoe kila ishara theluthi moja ya mara zote, kwa nasibu tupu isiyo na mpango, naye hataonewa na mtu yeyote duniani. Ni kinga kamili. Lakini kinga hiyo ina bei yake, nayo ndiyo inayosahauliwa na wale wanaodhani kwamba von Neumann aliufunga mjadala: asiyeweza kuonewa hawezi kuonea. Mchezaji wa theluthi atashinda theluthi, atashindwa theluthi na kwenda sare theluthi, awe anacheza na bingwa wa dunia au na mtoto anayetoa jiwe asubuhi mpaka jioni. Anayetaka kikombe hana budi kutoka ngomeni mwake na kumwendea adui, na akishatoka, yeye mwenyewe yu wazi kupigwa.

Isitoshe, ngome yenyewe si rahisi kuikalia. Nasibu tupu ni kazi isiyowezekana kwa akili ya binadamu. Mwambie mtu aandike orodha ndefu ya jiwe, karatasi na mkasi bila utaratibu wowote. Utamkuta anaogopa kurudia ishara moja mara tatu mfululizo, ilhali nasibu ya kweli hairudi nyuma mbele ya jambo hilo. Anakumbuka alichotoa, anakumbuka kilichompata, na kumbukumbu yake inamsukuma huku anadhani yu huru. Katika bao kete zi wazi machoni pa wachezaji wote wawili, na anayeshindwa hana giza la kulaumu. Hapa hakuna lililo wazi isipokuwa yaliyokwisha kupita. Kwa hiyo ushindani wote ni wa kusoma nyayo za mwenzio na kufuta zako.

Mfano mmoja wa hivi karibuni waonyesha kwamba jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 2005 kampuni ya Kijapani iitwayo Maspro Denkoh ilitaka kuuza picha zake, zikiwemo kazi za Cézanne, Picasso na van Gogh, zilizokisiwa thamani ya dola milioni 20 hivi. Nyumba mbili za mnada, Christie's na Sotheby's, ziligombea kazi hiyo, na rais wa kampuni, Takashi Hashiyama, hakuona sababu ya kupendelea mojawapo. Akaziamuru ziamue kwa janken, kila upande uandike ishara yake karatasini. Sotheby's waliona ni bahati tu, wakaandika karatasi bila kujisumbua sana. Mkuu mmoja wa Christie's aliwauliza binti zake wawili, wenye miaka 11, waliouzoea mchezo huo. Wakamwambia aandike mkasi, kwa kuwa kila mtu hutazamia mwenziwe aanze na jiwe. Maana yake ni wazi: anayetazamia jiwe hutoa karatasi, na karatasi hukatwa na mkasi. Christie's wakaziuza picha hizo New York mwezi Mei mwaka ule ule. Wazee wa Sotheby's walikuwa wakifikiri juu ya ishara tatu. Watoto wale walikuwa wakifikiri juu ya fikira za mtu.

Fikira hiyo si mpya. Edgar Allan Poe, katika hadithi yake ya barua iliyoibwa, iliyotoka mwaka 1844, alimweleza mtoto wa miaka minane aliyeshinda gololi za shule nzima katika mchezo wa kubahatisha shufwa na witiri. Siri ya mtoto yule ilikuwa kupima werevu wa mshindani wake, na ili kuupima aliuiga uso wa mshindani, akangoja kuona ni fikira gani zinamjia. Poe alidhani kwamba ufunguo ni uso. Zaidi ya miaka mia baadaye wahandisi wawili wa Marekani walionyesha kwamba uso hauhitajiwi.

Wahandisi hao walikuwa D. W. Hagelbarger na Claude Shannon, wa maabara za simu za Bell. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hagelbarger aliunda mashine iliyocheza mchezo wa aina ile ile ya Poe: mtu achague moja kati ya mawili, na mashine ibashiri alichochagua. Mashine haikuwa na macho. Ilikumbuka tu yaliyopita: je, mchezaji alishinda au alishindwa, akarudia au akabadili, na baada ya hapo alifanya nini. Katika mabashiri 9,795 mbele ya watu ilishinda 5,218. Lau ingekuwa inabahatisha tu, ingepata nusu, yaani 4,898 hivi. Ziada ya 320 katika hesabu kubwa namna hiyo haiwezi kuwa bahati. Shannon naye akaunda ya kwake mwaka 1953, ndogo na sahili zaidi, yenye kukumbuka hali nane tu. Wakazishindanisha mashine zile mbili, mashine ya tatu ikiwa mwamuzi kati yao, na ile ndogo ikashinda kwa kiasi cha 55 kwa 45. Shannon alieleza kwamba mtu aweza kuishinda mashine yake iwapo ataufuata kichwani mwake mwendo wake wote, hatua kwa hatua. Lakini alikiri kuwa mzigo huo ni mzito mno kwa kumbukumbu ya binadamu. Hapo ndipo mazoezi ya kwanza ya namna hii yalipozaliwa: mtu anakaa mbele ya mashine, anashindwa, na anaanza kujiuliza ni nini katika mwenendo wake kinachomfichua.

Mashine zile hazikutoka maabara kwenda kwa umma. Umma ulikutana na janken ya mashine kwa njia nyingine, kwenye kioo cha televisheni, na somo lililoletwa na kioo lilikuwa tofauti kabisa.

Mwezi Novemba mwaka 1986 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Alex Kidd in Miracle World. Shujaa wake ni kijana mwenye ngumi kubwa avunjaye mawe kwa mkono mtupu, anayerudi kuukomboa ufalme wa kwao. Katika safari yake hukutana na maadui watatu, ambao majina yao ni fumbo la Kijapani: Gooseka, Chokkinna na Parplin, kutokana na guu, choki na paa, ndiyo majina ya jiwe, mkasi na karatasi katika janken. Vichwa vyao vimeumbwa kwa sura za ishara hizo hizo. Na dhalimu aliyeuteka ufalme anaitwa Janken Mkuu. Kijana hawezi kupita mbele yao kwa ngumi yake peke yake. Sharti asimame acheze nao janken, na anayetangulia kushinda mara mbili ndiye mshindi. Akishindwa, anakufa. Sijui mchezo mwingine wa video wa miaka ile uliompa mtoto adhabu kali kiasi hicho kwa kosa la vidole. Nao ulienea sana: baadaye Sega waliutia ndani ya mashine yao yenyewe, hata aliyeinunua mashine hiyo aliukuta mchezo umo tayari, na watoto wengi wa Ulaya na Brazili waliujua hivyo.

Mtoto aliyecheza mara ya kwanza alidhani amekutana na bahati. Alitoa jiwe akashindwa, akarudi akatoa mkasi, akashinda, akashindwa tena. Walakini baada ya kufa mara kadhaa aligundua siri. Adui yule, mahali pale, hutoa ishara zile zile kwa mpango ule ule. Haikuwa bahati wala haikuwa akili, ilikuwa orodha. Aliyeijua orodha alipita bila hofu, na aliyeisahau alikufa. Watengenezaji waliongeza hata tufe la kichawi ambalo mwenye kulipata huyaona mawazo ya adui yamechorwa juu ya kichwa chake, kana kwamba ile ndoto ya mtoto wa Poe imefanywa bidhaa ya kuuzwa dukani.

Je, hayo ni mazoezi ya janken? Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa mtoto aliyecheza sana aliijua mizunguko ya ishara kama anavyolijua jina lake, na hakusita tena kujibu jiwe kwa karatasi. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Kila mtoto hulijua hilo kwa siku moja. Mimi naona kwamba somo la Alex Kidd, likichukuliwa peke yake, ni kinyume cha somo linalotakiwa. Lilimfundisha mtoto kwamba mshindani ni kufuli, na kwamba mwenye ufunguo hana haja ya kumtazama. Mtoto huyo akisimama mbele ya mtoto mwenziwe, ufunguo wake hautafungua, kwa sababu kufuli hiyo nayo inamtazama yeye. Adui wa kwenye kioo hakujua kamwe kwamba alishindwa jana. Binadamu anajua, naye hujirekebisha.

Hata hivyo haki itendeke. Lilikuwamo ndani ya mchezo ule wazo moja lenye thamani: ya kwamba nyuma ya mkono unaoonekana wa nasibu huenda pamefichwa mpango. Mchezaji asiyeamini hivyo hataanza kusoma nyayo. Alex Kidd aliwapa watoto imani hiyo pasipo kuwapa maarifa ya kuitumia. Na hiyo orodha, ambayo mimi nimeiita kosa, tutaona jinsi ilivyorudi baadaye kwa mlango mwingine.

Maarifa yalitoka kwenye michezo ya mapigano, ambayo kwa sura yake haina uhusiano wowote na jiwe wala karatasi. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter II katika kumbi za michezo, ambamo watu wawili waliweza kupigana kwenye kioo kimoja, kila mmoja akimwendesha mpiganaji wake. Anayetazama huona ngumi na mateke. Anayecheza huona pembetatu. Anayejikinga hazuriki na pigo la kawaida. Lakini anayejikinga aweza kukamatwa na kutupwa chini. Na anayesogea ili akamate aweza kupigwa kabla hajafika. Pigo hushinda mkamato, mkamato hushinda kinga, kinga hushinda pigo. Katika Dead or Alive, uliotolewa na Tecmo mwaka 1996, pembetatu ya namna hiyo ilifanywa wazi kuwa sheria kuu ya mchezo, nafasi ya kinga ikishikwa na mbinu ya kulidaka pigo na kulirudisha. Pambano moja, lisilofika hata dakika mbili, lina makumi ya machaguo ya namna hii, nayo hufanywa kwa haraka isiyoruhusu mtu kukaa akafikiri. Basi tuseme kwamba kijana aliyecheza jioni moja katika ukumbi alikuwa amecheza janken mara mamia, bila kuifahamu kuwa ni janken.

Tena ilikuwa janken ngumu kuliko ya mikono. Katika ile ya mikono kila ushindi una thamani sawa. Katika ile ya mapigano bei hazilingani: mkamato huumiza kidogo, pigo zito huumiza sana, na mpiganaji aliyebakiwa na uhai mdogo huogopa mambo tofauti na mwenye uhai mwingi. Theluthi za usawa hazifai hapo. Mchezaji alilazimika kuuliza swali moja kubwa kila mara: huyu mwenzangu, katika hali aliyo nayo sasa, anaogopa nini zaidi? Nani asiyeona kwamba swali hilo ni la mtu na wala si la mashine? Mashine hapa ilikuwa meza tu iliyowekwa kati ya watu wawili.

Jambo jingine la kustaajabisha ni namna walivyokaa. Huko Marekani wachezaji walisimama bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Huko Japani kumbi nyingi ziliweka mashine mbili zikielekezana, kila mchezaji na kioo chake, wala hakumwona mshindani aliyekaa upande wa pili. Uso aliouhitaji mtoto wa Poe uliondolewa kabisa. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho Hagelbarger katika mtambo wake: historia ya matendo. Vijana wale walijifunza kumjua mtu wasiyemwona kwa yale aliyoyatenda dakika iliyopita.

Wajapani huita ujuzi huo yomi, maana yake ni kusoma. Neno hilo hutumika hata katika michezo yao ya kale ya ubaoni, go na shogi. Mmarekani David Sirlin, aliyeshindana katika Street Fighter na baadaye akawa mbuni wa michezo, aliueleza kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, najua utatoa jiwe, basi natoa karatasi. Ngazi ya pili, unajua kwamba najua, basi unatoa mkasi. Ngazi ya tatu, nami nalijua hilo, basi natoa jiwe. Na hapo ngazi zinaishia, si kwa kuwa akili imechoka bali kwa kuwa ishara ni tatu tu: hatua inayofuata inakurudisha kwenye karatasi ulipoanzia. Duara hilo lina faraja yake. Mtu anayeogopa kwamba mshindani wake anafikiri kwa kina kisicho na mwisho na ajue kwamba kina hicho ni cha hatua tatu, na swali la haki ni moja: leo amesimama ngazi gani?

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa mwaka 2004, katika mashindano ya Evo yaliyofanyika Pomona, California. Mjapani Daigo Umehara alikuwa amebakiwa na uhai kidogo kama uzi. Mmarekani Justin Wong akamwachia mfululizo wa mateke 15, ambao kuukinga kwa kawaida kungetosha kuumaliza uhai huo. Umehara aliyapangua yote, moja baada ya jingine, kisha akashinda pambano. Watu husifu wepesi wa vidole vyake, nao wastahili sifa. Lakini pangua la kwanza lilitakiwa kutendwa kabla jicho halijapata nafasi ya kuliona pigo. Vidole peke yake havikuweza kufika huko. Sharti alikuwa ameisoma nia ya Wong kabla haijawa tendo. Wanaosimulia habari hii aghalabu husahau kwamba Umehara hakuwa bingwa mwaka ule. Fainali aliipoteza kwa Mjapani mwenziwe.

Wakati vijana wakisomana katika kumbi, wataalamu wa kompyuta waliirudia njia ya Shannon. Mwaka 1999 Darse Billings, wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, aliandaa mashindano ya programu zinazocheza jiwe, karatasi na mkasi, mikono elfu moja kwa kila pambano. Aliona tatizo mapema: programu zote zikijificha katika theluthi za nasibu, hapana atakayeshinda wala kushindwa. Basi akaingiza kwa makusudi programu dhaifu zenye mazoea, ili atakayebaki ngomeni aachwe nyuma na watakaotoka kuwinda. Aliyeshinda ni Dan Egnor kwa programu aliyoiita Iocaine Powder, jina la sumu ya kubuniwa katika sinema The Princess Bride ya mwaka 1987. Programu hiyo ilitafuta katika yaliyopita kipande kinachofanana na hali ya sasa, ikabashiri kitakachofuata, kisha ikajiuliza kama mshindani naye ameibashiri, na kama amebashiri kwamba imebashiri. Na ikaishia hatua ya tatu, kwa sababu ile ile ya duara. Ikiona inaonewa, ilikimbilia nasibu. Haielekei kwamba wachezaji wa kumbi na waandishi wa programu walifundishana. Walifika mahali pamoja kwa kuwa pembetatu ni ile ile.

Mwaka 2002 mashindano ya dunia ya mikono yalianzishwa Toronto na chama cha ndugu wawili, Douglas na Graham Walker, nayo yaliendelea mpaka mwaka 2009. Mwaka 2004 ndugu hao walitoa kitabu cha mbinu, nacho ndicho kinachotuwezesha kupima ni lipi kati ya masomo mawili ya mashine lililofaa. Jibu linashangaza. Moyo wa kitabu hicho ni orodha! Mchezaji anashauriwa aamue mapema ishara tatu atakazotoa mfululizo, na mifululizo minane imepewa majina ya heshima. Jiwe mara tatu ni Maporomoko. Karatasi mara tatu ni Mtu wa Ofisi. Karatasi, mkasi, karatasi ni Mkate wa Mkasi, yaani mkasi uliotiwa kati ya vipande viwili. Shabaha yake ni nzuri: aliyekwisha kuamua hatetemeki kwa kilichompata sasa hivi, wala mkono wake hauitangazi nia kabla ya wakati, kwa kuwa mkono wa Toronto, tofauti na ule uliofichwa nyuma ya mashine ya Japani, unaonekana na mshindani. Kwa muda wa ishara tatu mtu anajigeuza kuwa Gooseka. Orodha ambayo mtoto aliikariri ili amshinde adui, sasa mtu mzima anaikariri ili asisomwe.

Lakini ngao hiyo ina tundu, na msomaji wa kitabu hicho aweza kuliona kwa hesabu ndogo. Mifululizo ya ishara tatu inayowezekana ni 27. Yenye majina ni minane. Kati ya hiyo minane, mitatu huanza na jiwe, minne na karatasi, na mmoja tu na mkasi, nao ni mkasi mara tatu. Basi anayefuata kitabu kwa uaminifu, akianza na mkasi, amekwisha kutangaza mbili zinazofuata. Akianza na karatasi, mitatu kati ya minne humpeleka kwenye mkasi. Mchezaji aliyelelewa na Alex Kidd akikutana na mtu huyo atafurahi, maana kwa mara ya kwanza ufunguo wake umepata kufuli. Na mchezaji aliyelelewa katika kumbi atajiuliza kwanza kama mtu huyo anajua kwamba kitabu kimesomwa na wengine pia.

Iko mashine moja ambayo hushinda daima, nayo haifundishi kitu. Mwaka 2012 maabara ya Chuo Kikuu cha Tokyo ilionyesha mkono wa roboti wenye jicho kali kiasi cha kuitambua ishara ya mtu kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, wakati vidole vinaanza tu kufunguka, kisha hutoa ishara inayoshinda kabla jicho letu halijaona kwamba umechelewa. Kama kazi ya ufundi ni ajabu. Kama mshindani ni mwizi wa mtihani, na mtu aweza kukaa mbele yake mwaka mzima asijue zaidi juu ya nafsi yake.

Mashine ya Shannon ilishindwa mara nyingi, na kwa sababu hiyo ilikuwa mwalimu bora. Mwaka 2014 watafiti wa China walichapisha matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha Zhejiang: wanafunzi 360, katika makundi ya sita sita, walicheza jiwe, karatasi na mkasi mara 300 kwa malipo. Kwa jumla kila ishara ilitolewa karibu theluthi, kama von Neumann alivyoagiza. Lakini watafiti walipotazama mkono baada ya mkono waliona kwamba aliyeshinda alielekea kurudia ishara yake, na aliyeshindwa alielekea kubadili. Ameshinda au ameshindwa, amerudia au amebadili: ndiyo mambo yale yale ambayo mashine ya mwaka 1953 iliyaandika katika kumbukumbu yake ya hali nane.